Wosia Utafunguliwa Nimeshazikwa

Kwetu wosia husomwa baada ya matanga. Turubai limeshashushwa, masufuria yamerudi kwa wenyewe, nusu ya ndugu wameshapanda magari, ndipo mzee mmoja wa ukoo anakohoa na kusema sasa tukae tusikilize marehemu ameacha neno gani. Kwa hiyo mtu aliyeandika ndani ya bahasha iliyofungwa kwamba angependa azikwe mahali fulani, ameandika maneno yatakayosomwa akiwa ameshalazwa pengine. Nimeliona hilo kwa jirani zetu hapa Nyegezi, Mwanza. Bahasha ilifunguliwa siku ya nne. Mzee alikuwa ameomba alazwe kando ya mama yake, ng'ambo ya ziwa, na wakati huo alikuwa tayari yuko makaburi ya Igoma, udongo umeanza kukauka. Wanawe wale ni watu wema waliomtunza baba yao hadi pumzi ya mwisho. Sijawahi kuona watu wazima wakilia vile kwa ajili ya karatasi.

Ndiyo maana ninawasihi wote wanaonisikiliza, kanisani, kwenye chama chetu na sasa hapa: mali na mazishi viandikwe kwenye karatasi mbili tofauti. Mali inaweza kungoja miezi, mahakama ipo na sheria ipo. Mazishi hayangoji. Mtu akifa alfajiri, kufikia saa nne asubuhi tayari kuna kamati ya msiba, kuna mtu wa jeneza na mtu wa usafiri, na swali la kwanza linaloulizwa pale uani ni moja tu: tunazika wapi? Atakayejibu swali hilo ndiye atakayeamua karibu kila kitu kingine. Kama wewe hukumtayarisha mtu wa kulijibu, atalijibu mwenye sauti kubwa.

Kwangu mimi swali hilo lilikuwa na majibu matatu. Nilizaliwa kisiwani Ukerewe, nikaolewa Magu, nimezeeka Mwanza. Mume wangu amezikwa kwao Magu, na shemeji zangu wanaamini kabisa kwamba mke huzikwa alikoolewa. Kaka zangu wa Ukerewe nao, tangu nilipofiwa, walikuwa wanasema mbele yangu kama jambo lililokwisha, "dada atarudi nyumbani." Watoto wangu walizaliwa na kusomea hapa jijini, wanafanya kazi hapa, na wakitaka kuja kupalilia kaburi la mama yao Jumamosi mchana wangependa wapande daladala moja tu. Kila upande unanipenda, na hapo ndipo ilipo hatari yenyewe. Ugomvi wa makaburi ambao nimeushuhudia katika maisha yangu mara nyingi umekuwa wa watu waliompenda marehemu.

Na kuna habari ya mahari. Watu hawapendi kuisema, lakini kila aliyekaa kwenye misiba ya kanda hii ameisikia. Mwanamke amefariki, jeneza limewekwa uani, padri au mchungaji amefika, halafu wajomba wanasimama kusema kuna ng'ombe hawakumaliziwa, na mpaka jambo hilo lizungumzwe hakuna kitakachoondoka hapa. Nimekaa kwenye mkeka nikiangalia watoto wa marehemu wakichangishana fedha kwa simu ili mama yao azikwe. Niliapa wanangu hawatapita hapo. Baba yangu aliahidiwa ng'ombe ambao hawakuwahi kufika wote, na mtoaji na mpokeaji wote wawili wameshatangulia. Nilimwomba kaka yangu mkubwa na shemeji yangu wakae waimalize habari hiyo mimi nikiwa hai, nikiwa nawapikia. Wakakubaliana kwa fedha kidogo tu, ikaandikwa, mwenyekiti wa kitongoji akashuhudia. Karatasi hiyo ninaithamini kuliko hati ya kiwanja.

Wenzetu wa Kenya wana kisa ambacho kila mtu wa ukanda huu wa ziwa angepaswa kukijua. Wakili S. M. Otieno alifariki Nairobi Desemba 1986. Mkewe, Wambui Otieno, alitaka kumzika kwenye shamba lao karibu na Ngong, akisema ndivyo mwenyewe alivyotaka. Ukoo wake wa Umira Kager ukasema Mjaluo huzikwa kwao, naye kwao ni Nyalgunga, Siaya, upande wa kaskazini wa ziwa hili hili tunalochota maji. Wakaenda mahakamani, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Rufani, na mwili ukakaa mochwari karibu miezi mitano. Ukoo ukashinda. Akazikwa Nyalgunga Mei 1987. Mtu huyu alikuwa mwanasheria hodari, na bado neno lake kuhusu kaburi lake lilibaki kuwa neno la mdomo, ambalo kila upande ulilieleza kivyake mbele ya jaji. Simlaumu mke, wala siulaumu ukoo. Ninachokiona hapo ni kwamba kumnong'oneza mtu mmoja chumbani hakutoshi. Hata kuandika peke yake hakutoshi, kwa maana karatasi iliyoibuka siku ya msiba ikiwa mikononi mwa upande mmoja inaonekana kama karatasi ya upande huo. Lazima wale ambao wangeweza kubisha walisikie neno kutoka kinywani mwako, wakiwa wote pamoja, na ukiwa na afya ya kuwajibu.

Basi nikawaita. Mpwa wangu alikuwa anaolewa hapa Mwanza, ndugu wa pande zote mbili wamekuja, nikawaomba wabaki siku ya pili baada ya harusi. Nilipofungua mdomo tu wifi yangu akaanza kulia. "Dada, unajichuria! Juzi tumecheza, leo unataka kututoa machozi?" Shemeji yangu, mtu mpole, akauliza taratibu kama madaktari wameniambia jambo. Nikamjibu, "Hapana shemeji, niko mzima, ndiyo maana nasema leo." Kaka yangu mkubwa akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mama yetu yuko kule. Baba yuko kule. Wewe tukuache huku na watu tusiowajua?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo na bado lilinichoma. Nikawakumbusha tulivyompeleka mama. Alifia hapa jijini, hospitalini, na tukamvusha kwa meli hadi Nansio, bandari ya Ukerewe, zaidi ya saa tatu majini. Jeneza lilikuwa katikati, sisi tumelizunguka tunaimba, na upepo wa mchana ukachafua ziwa mpaka wanawake wakaanza kutapika juu ya khanga zao. Waliobaki Mwanza kwa kukosa nauli walikuwa wengi kuliko waliovuka. Njia ya pili ni kuzunguka kwa barabara kupitia Bunda hadi Kisorya, halafu kivuko hadi Rugezi, na hiyo ni safari ya siku nzima yenye gari la kukodi. Wenzetu wa Sengerema na Geita wamepata nafuu. Tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, kilomita 3 za zege juu ya maji, jeneza lao halilali tena ng'ambo likisubiri kivuko. Sisi wa visiwani bado maiti na waombolezaji hupanda chombo kimoja.

Na ziwa hili tunalijua. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imebakiza kidogo tu kufika Mwanza, na mamia ya abiria wake wako pale Igoma, wengi wakiwa hawakutambuliwa na mtu. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikikaribia gati la kisiwa cha Ukara, karibu kabisa na nchi kavu. Walikufa zaidi ya watu 220, na baadhi yao wakazikwa hapo hapo Bwisya, kijijini, kwa pamoja. Nilifundisha watoto wa Ukara miaka ya nyuma. Mwaka ule nilikuwa nasikiliza majina redioni huku nimeshika ukuta. Nikamwambia kaka yangu: sitaki watu hamsini wavuke maji haya kwa ajili ya mwili wangu, halafu upepo uchafuke. Mwili ubaki Mwanza. Matanga yaje Ukerewe, mkutane nyumbani kwa wazazi kwa siku mnazotaka, mnikumbuke kwa Kikerewe, na wale wazee wasioweza kusafiri wapate pa kuninyoshea mkono. Shemeji akaomba misa ya arobaini iwe Magu, na jina langu litajwe pamoja na la mume wangu kaburini kwake. Nilikubali kwa moyo wote. Ilipita jioni nzima, kukawa na maneno makali kidogo, na wakati mmoja mdogo wangu wa Musoma alitoka nje asirudi. Lakini kaka alipoondoka asubuhi aliweka sahihi chini ya tuliyokubaliana.

Nilipokuwa nikiandika barua yenyewe ya mazishi, jirani yangu mmoja, bibi Mwislamu tuliyezeeka naye kwenye mtaa huu, alinifungulia sanduku lake akanionyesha sanda. Ameshainunua, imekunjwa pamoja na manukato, na wajukuu wote wanajua iko wapi. Kwao hakuna kungoja: mtu akifa asubuhi, jioni ameshaoshwa, ameshaswaliwa, amezikwa, na jeneza la msikiti limerudi msikitini kumngoja mwingine. Nilimwonea wivu mwema. Sisi Wakristo wa mjini tumejitwisha mzigo ambao Kanisa halikututuma: jeneza la kung'aa lenye vioo, fulana zenye picha, sare ya kitenge kwa ukoo mzima, ng'ombe wawili, mpiga video. Familia huzika Jumamosi na Jumatatu inaanza kukwepa simu za wanaowadai. Nimeandika wazi: jeneza la mbao za kawaida, alilochonga fundi wa mtaani, na chakula kiwe wali na maharage. Atakayetaka kuleta ng'ombe amlete akiwa amemlipia mwenyewe. Jambo moja sikulibania, nalo ni wachimba kaburi. Mwanza ni mji wa mawe. Nimesimama kwenye maziko ambayo vijana walikuta mwamba kabla shimo halijafika kiunoni, wakapiga mtaimbo na sururu usiku kucha, na asubuhi wakapewa soda. Katika barua yangu watu hao wametengewa fungu lao, walipwe vizuri, wapewe chakula cha moto, na wapewe mapema.

Sehemu iliyonichukua muda mrefu kuliko zote ni historia fupi ya marehemu. Ile inayosomwa kabla ya kwenda makaburini: alizaliwa, alisoma, alifanya kazi, aliugua, ameacha watoto kadhaa na wajukuu kadhaa. Huandikwa usiku wa kuamkia mazishi na kijana aliyechoka, kwa kuulizia ulizia, na hapo ndipo majeraha hutokea. Nimeona mtoto wa nje akisikiliza orodha ya watoto ikisomwa mpaka mwisho bila jina lake, mbele ya watu mia tatu. Nimeona mke wa kwanza akirukwa kana kwamba hakuwahi kuishi. Makosa hayo hayarekebishiki, kipaza sauti kikishazimwa kimezimwa. Mimi nilimlea binti wa marehemu dada yangu tangu hajaota meno. Kwenye karatasi za serikali si mwanangu. Kwenye historia yangu nimemweka kwa mpangilio wa umri, wa tatu, kati ya wale niliowazaa, na nimeandika asisomwe kwa namna nyingine yoyote. Nilipomwonyesha alisoma mstari huo akaenda jikoni akakaa huko.

Baada ya historia husimama msemaji wa familia na kutangaza kwamba anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, aonane na familia. Ni desturi nzuri mno, ya haki. Lakini huwaweka watoto mahali pagumu, kwa sababu anaweza kuja mtu yeyote na hesabu yoyote, na wao hawana cha kulinganishia. Nina daftari. Lina deni la kikoba na tarehe zake, lina mkopo mdogo wa bati, lina fedha za mama mmoja wa Mwaloni ambaye huniletea dagaa nami humlipa mwisho wa mwezi. Lina pia wanaonidai maneno, watu wawili niliokosana nao, na ninachotaka waambiwe. Kwenye ukurasa wa nyuma nimeandika fedha ziko wapi: benki, simu, ushirika. Namba za siri sikuziandika. Kinachowafaa watoto ni kujua kwamba kuna kitu mahali fulani, ili msimamizi wa mirathi akishateuliwa ajue pa kugonga.

Kuhusu mali sina mengi, kwa kuwa njia yake imeshachongwa na wengine. Wosia wa kimila, kwa Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, unaweza kuwa wa mdomo mbele ya mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Ukiwa wa maandishi na mwenyewe anajua kusoma, wanatosha wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Mwislamu hausii zaidi ya theluthi ya mali yake, sehemu nyingine inafuata mafungu ya warithi. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, huandika na kuhifadhi wosia. Kifo nacho kisajiliwe ndani ya siku 30, maana cheti cha kifo ndicho kitakachoombwa kila mlango, kuanzia Mahakama ya Mwanzo, pamoja na muhtasari wa kikao cha ukoo. Msimamizi akishateuliwa huko ana miezi minne kuwasilisha orodha ya mali na madeni.

Ila wanaume wenye wake, nisomeni hapa polepole. Kanuni hizo hizo za mila za 1963 zinamwambia mjane kwamba hana fungu katika urithi wa mumewe, na kwamba sehemu yake ni kutunzwa na watoto. Wajane wawili wa Shinyanga, majirani zetu, walifukuzwa kwenye nyumba walizoishi na waume zao, wakapigania jambo hilo mahakamani nchini bila kufanikiwa, hadi kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake ikasema mwaka 2015 kwamba walionewa. Miaka yote hiyo ya uchungu ingeweza kuzuiwa na ukurasa mmoja wenye sahihi. Mume wangu aliuandika ukurasa huo. Nimelala kwenye nyumba yangu kila usiku tangu alipoondoka, na kila nikifunga mlango ninamshukuru.

Wasio na mali nao wana chama. Chama chetu cha kufa na kuzikana hakina jengo wala gari. Kina masufuria, viti, turubai, daftari, na wanawake ambao saa mbili baada ya taarifa wameshawasha kuni uani kwako. Mwanachama analipa mchango wake na anakwenda kwa wenzake. Asiyekwenda kwa wenzake, katiba yetu inasema waziwazi atafanyiwa nini. Nawaomba vijana waliohamia Buhongwa na Kisesa kwenye nyumba zenye kuta ndefu wasidharau vyama hivi kwa sababu wana bima. Bima hulipa baadaye. Usiku ule mtu anahitaji wa kumshika mkono na wa kuchota maji, na hao huwezi kuwaita kwa mara ya kwanza siku unayofiwa.

Barua ya mazishi haina bahasha. Nakala moja anayo binti yangu mkubwa, nyingine anayo kaka Ukerewe, nyingine shemeji Magu, na moja iko kwa katibu wa chama, kwa sababu katika misiba yote niliyohudhuria katibu hufika kabla ya ndugu. Anayebaki ni mdogo wangu wa Musoma, yule aliyetoka nje. Nikimpigia kuhusu habari hii hubadilisha mazungumzo au simu hukatika. Mwezi ujao anamleta mwanawe chuo pale Malimbe na atalala kwangu. Nitapika sato na ugali wa muhogo, tule tushibe, halafu nitamsomea barua yote kuanzia juu, mpaka pale nilipoandika kwamba historia yangu isomwe na yeye.